Kizungu Chenye Mikia

Nyaminwa Akinyi, dada yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza sina uso wa kukitumia mbele yako tena, na Kidholuo nikikiandika nitalia kabla sijamaliza salamu. Kiswahili chetu sisi wawili ni kile cha sokoni, hakuna anayeweza kumsahihisha mwenzake. Na ninaandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu niliwafanya watu wakucheke mbele ya umati. Nikikuomba radhi chinichini, itakuwa bado najificha.

Tangu siku ile unanijibu kwenye simu kwa alama ya kidole gumba tu. Nikiuliza habari za watoto, kidole gumba. Nikiuliza kama cherehani imetengenezwa, kidole gumba. Wewe uliyekuwa ukiniandikia mambo marefu mpaka nasoma nikipika.

Unakumbuka tukianika omena, wale dagaa wa ziwani, kule Sori, nyuma ya nyumba ya mama? Mwalimu wangu alikuwa ametufikisha kwenye phrasal verbs, nami nikaja nazo nyumbani nikiringa kama mtu aliyenunuliwa baiskeli. Nilikuwa nasema 'look', wewe unatafuta kinachofuata: look after, look for, look into. Yakikuishia unaunda ya kwako. Siku moja ulisema 'look under'. Nikakuambia hiyo haiko kitabuni. Ukainama chini ya neti ya omena, ukatoka na yai la kuku. "Na hili nimelipata wapi?" ukaniuliza.

Mama alikuwa anafukuza kunguru kwa leso. Akataka kujua hivyo vitu vidogo vya nyuma ni vya kazi gani. Nikamweleza kwa madaha kwamba 'come' peke yake ni njoo, lakini mgeni akiwa mlangoni lazima uongeze 'in'. Mama alitikisa kichwa. "Kizungu chenu kina mikia," akasema. "Sisi tunasema donji, neno moja, na mtu anaingia mpaka jikoni." Kuanzia hapo, kwetu yale maneno yakaitwa mikia.

Mikia hiyo ndiyo ilinipa kazi. Nikawa mwalimu wa Kiingereza hapa Rongo, wewe ukafungua duka la kushona sare za shule Homa Bay. Ulipotaka kusomea ualimu wa ushonaji, uliniambia Kiingereza kinakutisha. Nikakuambia kuanzia leo niandikie kwa Kizungu tu. Ukatii. Hata owadwa ukaacha kuniita, nikawa 'brother'.

Nilidhani nakusaidia, kumbe nilikuwa najifurahisha. Ukiandika 'we are coping up', nakurudishia: 'cope', bila mkia. Ukiandika 'pick my call', nakuambia mkia umeanguka njiani, ni 'pick up'. Kuna ile asubuhi mtoto wako alipandwa na homa, ukaandika kwamba ume-'put off the stove' na unakimbia hospitali. Mimi nikajibu kwamba jiko ni 'turn off'. Habari ya mtoto nikauliza baadaye. Nikikumbuka hilo natamani ardhi ipasuke.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Mama alikuja kwako kwa kliniki ya presha, na tulikuwa tumekubaliana alale hapo Homa Bay. Lakini unamjua mama na Sabato yake. Alipoona atakosa kanisa lake, akachukua mkoba, akapanda gari la Sori. Mimi niko stafrumu, simu ikalia. Ulikuwa umeandika: 'Brother, Mum has passed on. I tried to hold her but she refused. We thank God.'

Sasa naujua ujumbe ule neno kwa neno. Ulikuwa umewaza kwa lugha yetu, mama osekadho nyime, mama amesonga mbele na safari. Ulijaribu kumshika abaki, akakataa. Unamshukuru Mungu kwa sababu daktari alisema presha imeshuka. Yote ni kweli tupu. Ila mimi, mwalimu wa mikia, niliona mkia mmoja tu na nikajua unamaanisha nini kwenye kitabu: kufariki.

Nilikupigia, hupatikani. Sikujua stima ilikuwa imepotea kwenu tangu asubuhi na simu yako imekwisha chaji mara tu ulipotuma ujumbe. Ya mama nayo huwa anaizima safarini, anasema inamaliza moto bure. Mtu mwenye akili zake angengoja. Mimi nikawapigia watu wa nyumbani mmoja mmoja nikilia, nikawaambia mama ametutoka.

Nilipofika Sori, nduru nilizisikia kutoka barabarani. Viti vya kanisa vilikuwa vimeletwa, na jirani alikuwa anapima kwa miguu mahali pa kusimamisha tenti. Nikaingia nikilia, wakanishika. Gari la mama, kumbe, lilikuwa limepata pancha pale Ndhiwa. Akashuka kwenye bodaboda langoni kwake jua likizama, mkate kwapani.

Wewe hukuwepo, Akinyi, kwa hivyo acha nikuambie nilichoona. Watu wa langoni walirudi nyuma. Mama hakuuliza kitu. Aliona watu wanalia nyumbani kwake, akatupa mkate, akashika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kupiga nduru. Alikimbia akiita jina langu. Aliponiona, akageuka akaita lako. Alikuwa anatafuta ni nani kati yetu aliyekufa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba tunamlilia yeye.

Tulipomtuliza, mjomba akaniuliza, "Teacher, hii habari ulitoa wapi?" Ningesema ni mimi, sikuelewa, nisameheni. Mdomo wangu ungetosha kusema hivyo. Badala yake nikatoa simu, nikausoma ujumbe wako kwa sauti, kisha nikawafundisha tofauti ya 'passed on' na 'passed by' kana kwamba niko mbele ya ubao. Watu walikuwa wametoka kwenye hofu na walihitaji kitu cha kucheka. Nikawapa wewe.

"Huyu Akinyi anaweza maliza sisi wote na Kizungu," mjomba alisema, na boma zima likashika mbavu.

Hapo hapo ukapiga. Nikaweka laudi, boma zima lisikie, sijui kwa nini, labda nilitaka ujitetee mwenyewe. Ukasema, "Owadwa, nimepata simu zako nyingi hivi, kwani mama hajafika?" Ilikuwa mara yako ya kwanza kuniita owadwa baada ya muda mrefu sana. Kilichokujibu ni kicheko cha watu wote wale. Ukakata simu.

Mama mwenyewe hana kinyongo. Anajisifu kanisani kwamba sasa anajua nani atamlilia kweli na nani atakuja kwa ajili ya chakula. Lakini kesho yake tukitoka ibadani alinivuta kando. "Mimi mmenililia, nikarudi," akaniambia. "Akinyi mmemcheka, na hajarudi."

Juzi darasani nilifika kwenye 'let down', kumwangusha mtu anayekutegemea. Msichana mmoja akaomba mfano wa sentensi ya kila siku, tena akasema si ile ya kitabuni. Nikasimama na chaki mkononi mpaka wakaanza kutazamana. Halafu nikaandika: I let my sister down. Wakainakili wote.

Nimeona aibu maishani, lakini aibu ya kawaida hupita. Hii inakaa. Nikishika simu nikuandikie naiona, nikiona kijana amevaa sare mpya naiona. Si kwa sababu nilikosea neno, kwa maana kila mtu hukosea neno. Ni kwa sababu ulikuwa unaniandikia kwa woga miaka yote hiyo ili nifurahi, na siku woga ule ulipozaa kosa, nikakuachia ulibebe peke yako.

Jumapili nakuja Homa Bay. Ukiniandikia usije, sitakuja, na ukiniandikia kwa lugha yoyote na makosa yoyote nitasoma habari, sitasoma sarufi. Ukinyamaza, nitakuja nisimame mlangoni pa duka lako. Sitaingia kwa nguvu ya kuwa mkubwa wako. Nitaketi kwenye benchi la wateja hata jua likinipata, nikisubiri neno lile la mama, moja tu, lisilo na mkia.

Ni mimi,
owadwa.