Viti Nilivyoviosha

Mama yangu mpendwa,

Huo mstari unaokata karatasi hapo juu si wangu. Wanja, huyu mwenye jina lako, amenipokonya kalamu sasa hivi akasema yeye pia anamwandikia cucu, bibi yake. Ameandika, ameridhika, ameenda kufukuza kuku. Usimcheke, hiyo ndiyo barua yake ya kwanza.

Goti lako je? Dawa ya kuchua bado iko? Sisi huku Meru ni wazima, ni baridi tu ya asubuhi. Ningepiga simu, lakini maneno haya ningeyalilia kabla sijafika katikati.

Mama, nimeharibu kazini, na kusugua ni wewe ulinifundisha. Unajua Mzee Salim, tajiri wangu aliyekuwa na malori, hukusanya viti vya zamani, vile vya wazee vya miguu mitatu. Viko kumi na kimoja sebuleni, vyeusi kwa masizi. Alipoenda mji wa Maua kumwona dada yake nikaona aibu: mgeni wake anatoka Nairobi Jumamosi, na nyumba iko hivi? Nikavitoa nje, nikavisugua kwa sabuni na majivu kama sufuria za harusi. Maji yakatoka meusi, nikajisifu.

Mzee aliporudi alikaa kwenye ngazi bila hata kuvua kofia.

"Mama Wanja, umeniua. Huyo mgeni hanunui kiti, ananunua yale masizi!"

Nikaanza kulia. Lakini viti viwili vilikuwa vimetoka vyeupe kama ugali. Vile vingine vilibaki na weusi wa ndani, ule hautoki hata usugue namna gani. Mzee akanusa kimoja cheupe.

"Hii ni rangi ya viatu! Na aliyeniuzia nilimpa chai na mahamri!"

Nikamwambia pole, Mzee, kiti ni kiti, hata hicho kinakalika. Akanitazama kama nimemtukana.

"Cha uongo, mwanangu, hata ukikikalia miaka kumi, kitakuwa cha uongo kilichokaliwa."

Halafu akachukua kimoja cha kweli, chenye mguu uliofungwa waya, akapitisha kiganja pale palipolika. "Mwenye hiki alikuwa anakaa upande. Labda kiuno kilimsumbua." Alikishika, Mama, vile mimi humshika Wanja akiwa na homa.

Kesho yake akaja jikoni polepole. Kumbe mgeni alishachagua vitatu kwenye picha, na vile viwili vyeupe vimo.

"Kwenu si mnajua mambo ya moshi? Vitundike juu ya moto siku hizi mbili, virudishe rangi. Hatajua."

Kufanya najua. Lakini niliona tena uso wake akinusa ile rangi. Nikamwambia, "Mzee, na yeye siku akijua, atakaa kwenye ngazi gani?"

Akageuka, akatoka jikoni. Tangu siku hiyo ni "asante" ya chai tu. Na chumba tunacholala ni chake, na shule ya nasari ya Wanja iko hapa mlangoni, ameshajua kuhesabu mpaka kumi ingawa saba huisahau. Nguo zetu nimezikunja kwenye begi, kama itakuwa ni kwenda. Naomba isiwe.

Leo mgeni amefika, nasikia vikombe. Kabla hawajamaliza chai, nisalimie dada yangu anayekuchumia majani ya chai, na mjomba fundi wa mabati, umwambie Wanja bado anauliza zile ndevu zake huoshwa na nani. Ndugu yangu mdogo anayekusomea hii asome yote, hata pale nimejiaibisha.

Sasa Mzee anaita. "Mama Wanja! Leta vile vyeupe kwanza, mgeni avione, umweleze ulivyoviosha!"

Mama, umesikia? Vyeupe kwanza! Ameamua mwenyewe. Naenda, ngoja nimshike Wanja mkono halafu