Asali Kwenye Vidonda vya Bwana

San Lázaro del Lago, 22 Januari 1984

Binti yangu Amparo,

Habari za huko jijini? Sisi hatujambo, ila baridi ya ziwani imenikaza mgongo na shangazi yako anakohoa usiku kucha. Wewe kifua hakikusumbui tena?

Sitazunguka. Mtoto wa Bi Otilia ameona sinema huko Morelia, mtu anapasuliwa tumbo kwa msumeno, na mwishoni likapita jina lako kwamba vidonda umevitengeneza wewe. Bi Otilia amelitangaza sokoni kote. Mimi miaka yote nawaambia watu unashona nguo za waigizaji. Baba anatunza sanamu ya Bwana wa Vidonda kanisani, watu wanaipigia magoti, na binti anawauzia walevi matumbo! Uso wangu niuweke wapi? Acha kazi hiyo, au Pasaka usije.

Mimi baba yako,
Crescencio

Mexico City, 6 Februari 1984

Shikamoo Baba,

Pole na mgongo. Shangazi anywe maji ya mdalasini yakiwa moto. Kifua changu kimepona.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nusu ya maneno yako nakubaliana nayo. Zipo siku natoka kazini najiona mchafu. Lakini Baba, nani alinikalisha karakanani, nikiwa bado nanyonya kidole, akanionyesha damu inavyoshuka ubavuni, ikikuta mfupa inapinda, ikikuta kovu inasita? Nani aliniambia kidonda kisichomuuma anayekitazama ni rangi iliyopotea bure?

Nenda kaitazame hiyo filamu. Usitazame msumeno, tazama ngozi. Ukishaiona na bado ukasema niache, nitaacha.

Binti yako,
Amparo

San Lázaro del Lago, 18 Machi 1984

Amparo mwanangu,

Hujambo? Mgongo umelegea. Shangazi yako bado anakohoa.

Nimekwenda Morelia. Katikati ya Kwaresima, Mungu anisamehe, kofia nimeishusha hadi puani. Mara ya kwanza nilifumba macho, nikawasikia watu wakicheka, nikakuchukia. Nikatoka nje, nikatembea kidogo, nikarudi kukata tiketi nyingine. Safari hiyo nilitazama ngozi. Kingo za kile kidonda zina umanjano kabla wekundu haujaanza, na yule maiti ana udongo chini ya kucha. Hakuna mlevi atakayeliona hilo. Uliliweka kwa nini, kama si kwa kumheshimu? Nilimwonea huruma mtu wa mpira kuliko ninavyomwonea Bwana wangu wa mti. Nimekaa na wazo hilo kanisani na linanitesa.

Kosa ni moja. Mtu akifungwa mikono juu, damu hushuka mpaka kwenye kiwiko ndipo idondoke. Wewe umeidondosha kwenye kiganja.

Usiache kazi.

Tena njoo kabla ya Ijumaa Kuu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka, sijamwambia mtu. Vidonda vya Bwana vinataka kupakwa upya. Utapaka mlango ukiwa umefungwa, na watu wajue ni mimi.

Baba yako

Mexico City, 24 Aprili 1984

Shikamoo Baba,

Sijui hata nikuulizeje hali. Binamu amenipigia simu. Anasema Ijumaa Kuu, wanawake walipopanga foleni kubusu vidonda, midomo yao ilitoka myekundu. Anasema sasa watu wanaleta wagonjwa kutoka ng'ambo ya ziwa kwa sababu Bwana anatoka damu.

Baba, ni mimi. Rangi ya mafuta ilipokauka ilikufa, ikawa kama ya mlango. Jumatano, ulipokwenda kununua mishumaa, nikapaka juu yake damu yetu ya sinema, asali na rangi nyekundu. Haikauki, kazini tunaitaka hivyo. Mbele ya kamera hakuna anayebusu. Nikayasahau mabusu, mimi niliyekulia kwenye foleni ile! Nilitaka tu vionekane vibichi, ujivunie. Nimeichezea imani ya watu na nimekuponza wewe. Nipe neno, nipande basi nikamwambie Padre mwenyewe.

Binti yako,
Amparo

San Lázaro del Lago, 30 Aprili 1984

Mwanangu,

Sisi wazima. Shangazi yako ameacha kukohoa na anadai ni muujiza. Wewe tulia, usije kwanza.

Nilijua. Jumatano niliporudi na mishumaa niliona inang'aa. Nikagusa, nikalamba kidole. Kitambaa kibichi kilikuwa mkononi mwangu. Nikakaa kwenye benchi nikamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe kumtunza, vidonda vyake viliniuma. Sikufuta. Kwa hiyo usijibebeshe. Wewe uliyasahau mabusu. Mimi niliyakumbuka.

Kisha akaja mama mmoja, amezunguka ziwa kwa miguu na mwanawe kipofu mgongoni. Hapo nikashindwa, nikaenda kwa Padre. Jana baada ya misa nilisimama mbele ya watu nikasema ni asali, na mkono uliopaka ni wa binti yangu Amparo, anayetengeneza vidonda vya sinema, na sijaona anayemshinda. Nikasema pia kwamba niliona, nikanyamaza. Walinizomea. Chama cha waumini wanaosimamia sanamu kimechukua funguo. Sanamu si yangu tena kuitunza. Yule mama alimfunga mtoto wake mgongoni akaondoka, na hilo linaninyima usingizi.

Padre aliniamuru nifute mwenyewe. Nikafuta kwa maji ya moto mpaka ikabaki ile rangi yako ya mafuta. Akaniuliza kama najuta kuiacha ile damu. Nikasema najuta, akaniondolea dhambi.

Nilimdanganya, Amparo. Yule mtoto nitamjutia mpaka naingia kaburini. Ile damu, hapana.

Baba yako