Limesimama, Shangazi!

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya karakana ya mageti,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshuka kwenye lori, umenyoosha miguu, na chai iko karibu. Mgongo unaendeleaje? Bado mnalala kwenye kabini, au kampuni imewatafutia vyumba? Baba anasema ukija tena utapewa kitanda changu. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Sisi hatujambo. Mama ana nguo nyingi za wateja mpaka cherehani inalia kama inaomba likizo. Bibi magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishapata jua kidogo anasahau kwamba alilalamika. Mdogo wangu Redio ni yuleyule, anaongea akila, anaongea akilala, na bado hatujaona pa kumzimia.

Sasa acha nikwambie kilichonikalisha mezani. Limesimama, Shangazi! Gari langu limesimama kwenye mteremko mkali, na watu wote wameona! Najua bado hujaelewa. Nimeanzia mwisho kwa sababu ya furaha. Ngoja nirudi nyuma.

Klabu ya ufundi ya shule yetu hushindana na shule nyingine kwa magari ya rimoti ya kupanda mawe. Haya si ya mbio. Yanatambaa, gurudumu moja likitafuta pa kukanyaga na jingine likining'inia hewani. Mwaka huu waliongeza sharti. Katikati ya mlima wa mawe wamechora mstari mweupe. Gari likifika hapo linasimama, na dereva anamweleza mwamuzi, kwa lugha ya shule, kitu kimoja alichokitengeneza kwa mikono yake. Gari likiteleza likarudi chini ya mstari kabla hujamaliza, umetolewa.

Wenzangu walilalamikia mawe. Mimi nililalamikia kueleza.

Unanijua. Si wewe uliyeniita Nong'ona? Darasani nikiulizwa, jibu ninalo, ila linakaa kooni kama limepanga chumba. Kwa lugha ya shule ndiyo balaa zaidi, maana kila neno lazima kwanza nilivishe sare ndipo nilitoe nje. Sijawahi kumwambia mtu hili, hata Mama: kuna siku nilijifanya naumwa jino ili nisisome mbele ya wenzangu.

Tena magari yetu yana ugonjwa mmoja. Ukiachia rimoti kwenye mteremko, mota haishiki. Gari linarudi nyuma polepole kama mtu anayetoroka kikao. Kwa hiyo wenzangu wote wakawa wanafanya mazoezi ya kusema haraka. Redio akanipa somo bure. "Dada, vuta pumzi moja, halafu mwaga kila kitu." Nilivuta pumzi. Hakuna kilichomwagika.

Basi nikajiuliza, kwani lazima mimi ndiye niharakishe? Kama gari litakaa, mimi nitasema kwa mwendo wangu.

Hapo nikakukumbuka wewe chini ya lori, mara ya mwisho ulipopita hapa, mimi nimekushikia tochi na mafuta yananidondokea kwenye mkono wa sweta. Ulinionyesha propela, ule mhimili mrefu unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye ekseli. Ukaniambia kuna malori ya zamani ambayo handibreki yake haigusi gurudumu hata moja. Inabana propela, na lori zima linatulia. Nadhani ulifikiri sisikilizi kwa sababu sikujibu. Nilikuwa nasikiliza mpaka masikio yanauma.

Gari langu lina propela mbili, ya mbele na ya nyuma, na zote zinatoka kwenye giaboksi moja. Ukiibana moja, zote zimekwama. Nikataka kuipa ya nyuma breki ya diski.

Diski ya kwanza niliikata kwenye mfuniko wa kopo la rangi. Ilijikunja kama chapati. Nikaenda kwa fundi wa mageti hapo jirani. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu mpaka akafikiri nimetumwa kudai kitu. Akanipa washa moja pana, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati, akaniruhusu kutumia jiliwa lake kubania, na tupa ya kusawazishia. Nililisugua lile duara mpaka vidole vikawa vyeusi, nikaliwekea katikati bushi, kibomba kifupi cha chuma, na skrubu ndogo ya kulibana kwenye propela. Vibanio vya kuikamata diski nilivikunja kutoka kwenye bapa la chuma. Vya kusugulia nilikata vipande viwili vyembamba vya mpira wa breki ya baiskeli. Springi ya kalamu inavitenganisha. Na kwa kuvuta, nilifunga sevo moja, ile mota ndogo kama inayogeuza usukani, nikaiunganisha na vibanio kwa kipande cha spoki ya baiskeli. Nikibonyeza kitufe cha pembeni kwenye rimoti, sevo inavuta, mpira unabana diski pande zote mbili. Shangazi, mara ya kwanza niliposikia ule mlio, tiki!, niliruka peke yangu chumbani kama mwehu.

Nikaegemeza ubao wa pasi kwenye kiti, nikaita nyumba nzima. Mimi, kuita watu! Gari likapanda, nikabonyeza, tiki, na likashuka lote kama limepakwa siagi, likatumbukia kwenye kapu la nguo za wateja.

Mama akaliangalia. "Mwanangu, hiyo ndiyo breki au ndiyo injini?"

Redio akaanguka chini kwa kicheko. Nilirudi chumbani, sitakuficha, nikalia kidogo. Kisha nikaipapasa diski. Ilikuwa inateleza. Unajua niliifuta kwa kitu gani, ili ing'ae mbele yao? Kwa kitambaa cha Mama, kile anachofutia cherehani! Kimeshiba mafuta kuliko taa. Nikaiosha diski kwa spiriti, nikakata mipira mingine, nikaipiga msasa. Nikarudi kwenye ubao. Tiki. Likakaa. Baba akauinua ubao zaidi. Likakaa. Akauinua mpaka Bibi akasema, "Basi jamani, mtaliua." Bado likakaa!

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Waliotangulia walisema mbiombio mpaka sikuwaelewa hata wale wa shule yetu, na wawili waliteleza wakatolewa. Zamu yangu ikafika. Likapanda, likachechemea kwenye jiwe kubwa, likafika mstarini. Tiki.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mhandisi, amevaa buti za kazi. "Haya binti, nakusikiliza."

Hakuna kitu. Sare zote za maneno zimepotea. Nyuma yangu mtu akasema, "Betri imeisha!" Mwenzake akamjibu, "Ya gari au ya mwenyewe?" Wakacheka. Nikaangalia chini ili nisiwaone, nikaliona gari. Halijasogea hata unywele. Limekaa tu, linanisubiri. Hapo nikaelewa kwamba hakuna anayenikimbiza.

Nikaanza. Sentensi ya kwanza ilivunjika, nikaianza upya. Nikaeleza diski, nikaeleza mipira, nilipofika kwenye propela neno la shule likanitoka kabisa, nikasema tu "propela" kama unavyosema wewe. Yule mama akainua uso, akaniuliza kwa lugha yetu, "Nani kakufundisha hiyo?"

"Shangazi yangu. Anaendesha lori."

"Na kwa nini hukuweka breki kwenye magurudumu?"

"Magurudumu ni manne, na mimi sevo nilibakiwa nayo moja."

Akacheka kwa sauti, si kwa kunicheka. Nikaendelea kwa lugha ya shule, bila kuombwa, nikamweleza mpaka habari za kitambaa cha cherehani, ambazo hata sikuwa nimezipanga. Mwisho akagusa saa yake akasema, "Inatosha binti, wenzako wanasubiri."

Shangazi, mimi! Mimi nimeambiwa ninyamaze! Redio alipiga kelele huko nyuma utadhani nimepewa ng'ombe.

Kwa furaha nikasahau kuachia breki, nikavuta kitufe cha mwendo, mota ikanguruma na kutoa harufu mbaya. Nikaachia, likapanda hadi juu. Kwa hesabu ya muda tulikuwa karibu na mkia, na kombe limekwenda shule nyingine. Lakini waliokuwa wananicheka ndio waliokuja kuligeuza gari waangalie chini, na niliwajibu maswali yote. Mengine niliyajibu mara mbili.

Nina ombi moja. Ukipiga simu huwa nakimbilia jikoni kuosha vyombo, hata kama ni visafi. Si kwamba sikutaki. Naogopa nikinyamaza utadhani nimeondoka. Safari hii ukipiga, mwambie Redio anipe mimi simu. Nikikaa kimya, usikate. Subiri kidogo tu. Nakuja.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na Bibi anasema ule vizuri, biskuti si chakula. Wasalimie binamu zangu, Mrefu na Mfupi, ingawa nasikia Mfupi sasa ndiye anayemzidi mwenzake. Mungu akulinde barabarani, akupe usingizi mzuri, na kila mteremko ukushushe salama.

Wako akupendaye kwa sauti ndogo,
Nong'ona