Nafasi ya Una Kwenye Safu

Ijumaa, 7 Machi
Aberfeldy. Mvua ya mawe tangu Perth. Binti yangu Morven hakusema neno njia nzima. Umri miaka kumi na saba, ukimya wa jaji! Tangu tumzike mama yake Oktoba, mimi na mwanangu tunapishana nyumbani kama wapangaji.

Nimejitolea kuwa mzazi msimamizi kwenye wikendi ya vijana ya ngoma za Kiskoti. Mimi! Niliyeandika gazetini kwa miaka kwamba ngoma hizi ni picha ya kopo la biskuti la kuuzia watalii. Mke wangu, Una, alikuwa akinisomea makala zangu kwa sauti ya kasisi, anacheka hadi machozi, kisha anachukua viatu vyake na kwenda kuwafundisha vijana hawa hawa.

Nimekuja kwa jambo moja. Wikendi hii hufungwa kwa ngoma aliyoitunga Una alipomzaa binti yetu: "Morven Avuka Mto". Acha Morven aicheze, mimi nitazame. Labda hapo tutapata pa kuanzia kuongea. Sina njia nyingine. Nimejaribu zote.

Baada ya supu, mwalimu mpya, Lachlan Petrie, ametangaza ngoma za Jumapili. Ya Una haimo!

Jumamosi, 8 Machi
Nimemkabili Petrie asubuhi, penye sufuria la uji, ukumbi mzima ukisikia. Kijana mwenye kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, soksi zimemteremka. Ati ngoma ni ngumu kwa wanaoanza. Ngumu! Nikamwambia uvivu siku hizi umepewa jina la huruma. Nikamwambia anamfuta marehemu aliyemfundisha kusimama wima. Akawa mwekundu hadi shingoni – Bwana McAra, tafadhali, tuongee nje.

Nje! Nimewagaragaza mawaziri hadharani, nitoke nje kwa ajili ya Petrie? Nikawageukia vijana: nani anaitaka ngoma ya Una? Mikono juu, vijiko mezani, kelele.

Wattie, mzee wa kodiani, akacheka – basi Petrie, salimu amri, huyu bwana angemshinda hata Shetani kwa maneno. Aliyemshinda ni mkewe tu.

Ushindi! Nikamtafuta Morven kwa macho. Kiti kitupu. Uji haujaguswa.

Jumamosi, alasiri
Petrie amenifuata chumba cha makoti. Hakunisuta. Heri angenisuta!

Morven ndiye aliyemwomba aiondoe. Alimpigia simu akilia, akamsihi asiniambie. Kila mwaka aliicheza na mama yake, jozi ya kwanza. Wanashuka katikati wameshikana mikono, wanaachana, kila mmoja anapanda peke yake nyuma ya safu yake, kisha wanakutana juu, penye kichwa cha safu. Alimwambia Petrie: siwezi kufika pale juu nimkute mtu mwingine.

Na Petrie alisimama pale penye uji, akameza matusi yangu yote, siri akaishika.

Nimekwenda kugonga chumba cha wasichana. Morven, mwanangu, fungua.

– Umeshinda, Baba. Nenda kaandike.

Nikamwambia sikujua.

– Hukuuliza. Wewe huulizi, unahutubia.

Nimesimama pale hadi wasichana wengine wakataka kupita.

Nimerudi kwa Petrie, nikamwomba – naam, nimeomba! – aifute. Hawezi tena. Vijana wamekwisha kumpigia simu mama mkwe wangu kule Crieff. Anakuja kuitazama. Kizee wa watu, ati tayari ananyosha gauni.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu, na wenzangu nimewatia kikaangoni.

Jumapili, 9 Machi
Naandika kwa penseli, juu ya goti, ili nisitazame.

Mama mkwe amekaa mbele, pini ya fedha ya Una kifuani. Nilikwenda kumwamkia. Akanishika sikio kama mtoto – umekonda, we mgomvi, nani anakupikia?

Ya mwisho imetangazwa. Safu mbili zinatazamana, lakini wamesimama sita tu badala ya wanane. Nafasi mbili za juu, za jozi ya kwanza, ziko wazi. Petrie anatazama sakafu. Hamwiti mtu yeyote kujaza. Morven yuko mlangoni, koti mwilini.

Naijua ngoma hii. Una aliipanga jikoni kwa vikombe vya chai, akanihesabia kila hatua, nami nikijifanya nasoma. Kila hatua! Sijawahi kuicheza hata mara moja.

Koti limeanguka. Anakwenda. Mungu wangu – amesimama mahali pake, peke yake, mbele yake hakuna mtu.

Wattie amepiga ule mlio wa kuinamiana kabla ya kuanza. Wote wameinama. Morven amekunja goti, akaiinamia nafasi iliyo wazi, polepole, kama kuna mtu.

Kodiani imenyamaza. Haianzi. Mama mkwe amegeuka kunitazama. Mlio tena, mara ya pili.

Morven naye amegeuka. Uso wake siuelewi.

– Baba. Weka chini hiyo penseli, uje.