Uso wa Mama Kwenye Kipande cha Mche

Jumatatu, 3 Februari

Nimerudi shule. Baba alinivusha na kivuko cha Kamanga. Getini matroni akasema pole, mwanangu. Nikasema asante. Walimu pole, wapishi pole. Asante, asante. Mama amezikwa mwezi uliopita na mimi sijalia hata kidogo. Makaburini shangazi alinifinya — watu wanakuangalia, Ng'washi! Nikawaangalia na mimi.

Kitanda changu kachukua Precious. Ati alikolala yeye kuna kunguni. Sawa. Mimi nimehamishiwa kona ya mwisho ya bweni la Saanane, deka ya chini. Juu yangu kuna mgeni, kahamia muhula huu kutoka Ukerewe, anaitwa Justa. Nimemsalimia. Kaangalia miguu yake.

Jumatano, 5 Februari

Ugali, maharage. Hesabu. Ugali, maharage.

Precious anamwita Justa "Bubu". Anasema tangu shule ifunguliwe hajamsikia hata akipiga chafya. Bweni zima likacheka, Justa akajifunika shuka. Mimi sikucheka wala sikumtetea. Sina nguvu hiyo.

Kuna vitu vyeupe vinaniangukia kwenye mto kutoka juu. Nilidhani chokaa ya dari. Nikanusa — sabuni!

Ijumaa, 7 Februari

Nimemfuma. Wenzetu walikuwa netiboli, yeye kajificha nyuma ya bweni, juu ya jiwe, bikari mkononi na kipande cha mche wa sabuni magotini. Anachonga. Na aliyemchonga alikuwa matroni! Matroni mtupu, na kilemba chake, na ile shingo! Akamsukumia kwenye sketi. Nikakaa. Baadaye sana akasema, kisauti chembamba: "Usimwambie." Nikasema sawa.

Sisi wengine mche mmoja tunaubana mpaka mwisho wa mwezi, huyu anautoboa macho. Nikamuuliza basi anafulia nini. Akanionyesha. Anafulia hao hao! Akishamchonga mtu, akamtazama akaridhika, anamfulia mpaka anaisha. Mwalimu wa Kemia kaishia kwenye soksi. Hamweki mtu yeyote.

Nusura nicheke.

Jumapili, 9 Februari

Siku ya wageni. Shangazi kaja na sato wa kukaanga. Nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu, picha ya mama. Hakuna. Simu ya mama alipewa kaka Obedi, akaifomati, ati ilikuwa nzito. Picha zote zimekwenda. Hakujua, anasema shangazi. Imebaki ile ya msalaba wa kaburini, waliyoikuza kutoka pasipoti, ya kabla hajaolewa. Yule dada mimi simjui.

Nikasema sawa. Shangazi akaniambia wewe mtoto una moyo wa jiwe. Labda.

Jioni nimejaribu kumwona mama. Nimeona gauni lake. Nimeona mikono, cherehani, chaki ya kuchorea. Juu ya shingo hakuna kitu. Nimefumba macho, nimefumbua, hakuna. Hilo tu ndilo linaloniogopesha siku hizi, mengine yote ni sawasawa. Uso ukipotea kabisa nitamtoa wapi?

Samaki kala Precious. Kichwa nimempa Justa.

Jumanne, 11 Februari

Nimemwambia Justa. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu nilijua hatasema pole.

Hakusema. Alishuka, akakaa miguuni pangu, akaanza maswali — Bubu huyo huyo! Wala hakuuliza pua ilikuwaje. Akicheka anaziba mdomo? Akikukasirikia anatazama wapi? Nikasema sikumbuki. Akauliza tena, kazi yake? Fundi cherehani. Pini anaweka wapi?

Mdomoni! Upande wa kushoto, anazibania, anaongea nazo hivyo hivyo. Mpaka huo upande ukazoea, hata kanisani mdomo umekwenda pembeni, utadhani anataka kukukatalia kitu. Sikujua kama bado ninalo hilo. Na jicho la upande huo? Linajikunja. Endelea, akasema. Nikaendelea mpaka kengele ya prepo ikatukuta. Sijaongea hivyo tangu msiba.

Alhamisi, 13 Februari

Justa hasemi tena. Nikikaribia anaficha mikono. Precious kaniambia ndivyo walivyo hao, wanakuchoka. Hesabu nimepata saba, kwa mia. Sawa.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya kufua. Maji yalitoka asubuhi, ndoo zikagongana, nikapata yangu. Nikalowesha, nikapapasa chini ya nguo, sabuni ipo. Nikaanza. Sketi ilikuwa na tope la shambani. Nilisugua huku nalitazama ziwa kule kati ya mawe, siwazi chochote. Sketi, shati, soksi. Halafu dole gumba likagusa pua.

Jamani.

Nikainua. Mama! Mdomo umekwenda kushoto. Justa alikuwa anasuuza pembeni yangu, ameniona muda wote. Nikampigia kelele mbele za watu: mbona hukusema? Mbona hukusema, wewe! Akasema nilidhani umeshamtazama. Alimweka kwenye ndoo yangu alfajiri, aliona aibu kunipa mkononi. Alipoona nafua akajua nimeridhika, namfulia, kama anavyofanya yeye. Akawa analia yeye.

Nikamtazama mama tena. Mashavu yamekwisha, yameingia ndani. Na hapo ndipo nilipomjua. Ndivyo alivyokuwa wodini, siku ile nilipompelekea uji, akaushika tu mdomoni hajaweza kumeza, halafu akanikonyeza ili nisiogope. Uso wote ukarudi. Na maumivu yakaja nao, hapa chini ya kifua, mpaka nikakaa kwenye maji.

Justa anasema atanichongea mwingine, mwenye mashavu. Sitaki mwingine.

Sasa niko kitandani. Nimemfunga kwenye leso. Bado amelainika, ukimbonyeza kidogo tu anakwenda. Precious kaja na ndoo yake, sabuni imemwishia — Ng'washi, nikatie kipande. Hapa Saanane hakuna anayenyimwa sabuni, hata mliogombana. Tunakata kwa uzi, tunapeana, ndiyo sheria. Nimesema sina. Na hiyo kwenye leso? Hapana. Kidogo tu, nimalizie soksi! Hapana. Weeh, Ng'washi kawa mchoyo! Precious kaita watu waje waone. Wamekuja. Kanyoosha mkono.

Justa kashuka. Kasimama katikati yetu. Na kwa sauti ambayo bweni zima limeisikia kasema: "Muache! Huyo ni mama yake."

Na mimi nalia. Nalia kwa sauti, kamasi kwenye karatasi, wanaangalia na waangalie.

Precious kaweka ndoo chini. Anafuta mikono kwenye sketi, anaifuta tena. Anauliza pole pole, naweza kumwona?

Sijamfungua bado. Amegandamana na kitambaa, na nikivuta vibaya, pua itabaki kwenye leso.