Mzima wa Afya

Migosi, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako tu na huo mguu.

Kwa vile simu yako ilizama ziwani, barua hii inakuja na Calvince muuza dagaa wa omena. Wiki jana ugonjwa wangu wa damu, selimundu, ulinilaza siku nne, mifupa ikiuma hadi nikang'ata blanketi. Lakini nina habari njema. Ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu hapa chuoni imenipa barua: siku za maumivu nisihesabiwe mtoro, na kazi nipeleke hata wiki mbili baadaye. Bila hiyo, ukikosa robo ya masomo hufanyi mtihani, na wa mwisho ni Mei. Mwalimu wangu, Bwana Wepukhulu, alitia sahihi akinuna. "Mlemavu gani hana hata gongo?" Niombee. Nikipita, kuna maabara itaniajiri.

Mwanao,
Rosa

Asembo, 20 Februari

Nyathina, mwanangu Rosa,

Hujambo? Mimi sijambo, mguu ndio bado mkaidi.

Umenitoa machozi. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: mzima wa afya! Januari nzima nilifunga nikiomba neno hilo hilo. Mchungaji Fabian aliisoma kanisani, mstari huo tu, maana hayo ya chini ni ya wiki iliyopita na yamepita. Nikasimama nikatoa ushuhuda. Wamama walipiga vigelegele! Miaka ishirini na mbili wananiita mama wa yule mgonjwa. Imekwisha. Ile barua ya walemavu irudishe, unamwaibisha Mungu.

Mama yako

Migosi, 26 Februari

Mama,

U hali gani? Yangu leo siisemi.

Ile ilikuwa salamu tu! Kila barua huanza hivyo. Babu alituandikia kwamba ni mzima wa afya, akiwa kwenye kitanda alichofia. Mimi sijapona, Mama. Nakusihi, barua yangu isitoke hapo nyumbani.

Mwanao,
Rosa

Asembo, 9 Machi

Nyathina,

Natumai umeamka vyema.

Umechelewa. Mchungaji alikuja huko Kisumu kwa maombi, akaipeleka barua yako chuoni pamoja na yake ya kuthibitisha umepona, na sahihi yangu chini. Bwana Wepukhulu alimpa mkono, akasema alijua tangu mwanzo. Mtu mzuri huyo. Sasa mwongo ni nani, wewe au Mungu?

Mama yako

Migosi, 16 Mei

Mama,

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa wodini.

Ofisi ilifuta ruhusa yangu. Mvua zilipoanza nilienda darasani kila siku na maumivu yangu, nikiogopa kukosa. Siku moja nikaanguka. Bwana Wepukhulu akasema, "Mzima wa afya, rudi kwa kiti." Darasa likacheka. Nikarudi, nikakaa saa mbili. Daktari anasema mfupa wa nyonga umekufa kwa kukosa damu. Siku za wodini zimehesabiwa utoro, na jina langu limebandikwa ukutani pamoja na ya wasioruhusiwa kufanya mtihani.

Sasa natembea na gongo. Nilipoingia nalo ofisini, ruhusa ilirudishwa siku hiyo hiyo bila swali, nirudie mwaka. Nakuchukia, Mama, na bado nataka kuja nyumbani unikande kwa maji moto. Niruhusu nije.

Mwanao,
Rosa

Asembo, 1 Juni

Nyathina,

Pole sana. Nimelia, usidhani sikulia.

Lakini usije kwanza. Tarehe ishirini na mbili tuna mkutano mkubwa, na jina lako liko kwenye bango: Rosa aliyeponywa. Watu wanatoka hadi Bondo. Ukitokea na hilo gongo, uso wangu nitauweka wapi? Kaa huko Migosi. Nitumie tu barua kama ile ya kwanza, Mchungaji aisome. Hata fupi inatosha.

Mama yako

Migosi, 10 Juni

Mama mpendwa,

Mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako tu.

Rosa