Tangi Limejaa

Kaka, maji yaliisha. Ndege inawaka mbele yangu, nimeshika mpira, maji yakaisha!

Ile video niliyokutumia asubuhi, tunarusha maji juu kumpokea mgeni wa heshima? Ni gari hilohilo la zimamoto. Hatukulijaza tena.

Na fomu ya ukaguzi wa saa sita niliijaza mimi, nimekaa kwenye kiti. Nikaandika "tangi limejaa." Wala sikwenda kuchungulia.

Rubani alikuwa anagonga kioo. Kaka, alikuwa anagonga, halafu akaacha.

Gari la pili lilifika akiwa ameshaacha.

Sasa hivi mkuu wa zamu ameisoma fomu, akanishika bega: "Usijilaumu. Tangi lilikuwa limejaa, si umeandika hapa? Pampu ndiyo imetuangusha."

Nikamjibu, "Ndiyo, afande."